Mito ya Macho ya Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu wa kike aliporudi kutoka Tanga alishuka na begi moja la nguo na mafurushi mawili ya mbegu. Nikafurahi, nikadhani amekuja kulima. Kumbe mbegu zile si za kupanda, ni za kulalia.

Alikuwa ameshona nguo miaka kadhaa kwa mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. Mama yule kila alasiri alifunga duka, akajilaza chali, akajiwekea machoni kifuko cha mbegu zilizopashwa moto. Mgongo alikandwa kwa furushi la majani ya dawa, lenye joto la kikaango. Ni mila za kwao India, alizirithi kwa bibi zake. Mjukuu wangu akatazama, akajifunza, akapata wazo la kutengeneza vitu vya namna ile kwa mazao ya huku kwetu, awauzie wenye hoteli za Lushoto.

"Watu wanalipa kulala?" nilimuuliza.

"Wanalipa kutulia, bibi."

"Mimi nikitaka kutulia nanyamaza. Bure."

Akanieleza waziwazi. Duka la mama yule limefungwa. Meneja wa hoteli moja amekubali kuvijaribu vitu vyake Jumamosi. Akivipenda, mjukuu wangu atabaki nyumbani. Akivikataa, anarudi Tanga kutafuta kazi ya kiwandani. Nikasema, "Sawa." Nimezaa watoto sita, wote huja Krismasi, wakala, wakaondoka. Mtu wa umri wangu hambembelezi mtu kubaki.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo, hilo nakiri. Alianza na maharage, yakagongana usoni kama kokoto. Mchele ukipashwa mara tatu unanuka uji ulioungua. Mwishowe akapata mtama mweupe kutoka kijiji cha Mnazi, huko chini tambarare, punje ndogo, zinateleza kimya na kujilaza zenyewe kwenye shimo la jicho. Kitambaa kipya kilikwaruza. Mimi ndiye niliyemwambia achukue kanga kuukuu, ile iliyofuliwa mpaka maneno yake hayasomeki. Akatia mchaichai mkavu na iliki kidogo. Alitaka mto ule ulale machoni kama kiganja cha mtu, usikae kama tofali, kwa hiyo kila alipopunguza au kuongeza punje, uso wa kujaribia ulikuwa wangu.

Siku moja, mchana kweupe, nimelala chali kwenye mkeka, mikono pembeni, kitambaa machoni, jirani yangu tunayeimba naye kwaya akaingia kuomba chumvi. Huku kwetu mwanamke halali mchana. Akilala, anaumwa. Akifunikwa uso, basi ameshamaliza. Mwenzangu akaangusha bakuli, akaanza wimbo wa mazishi palepale mlangoni.

"Umeanzia juu mno," nikamwambia, sijatoa kitambaa.

Alikimbia mpaka barabarani. Mjukuu wangu akaandika kwenye daftari lake kwamba bibi ametulia.

Ijumaa akashuka mjini kutafuta uzi, akaniachia mifuko kumi na miwili na ndoo ya mtama. "Jaza tu, bibi, kisha ushone mdomo. Usiongeze kitu."

Nikautazama ule mtama. Mtupu kabisa! Mama yangu alinifundisha kabla sijaijua herufi moja kwamba mbegu haiwekwi uchi. Unachekecha majivu ya jikoni, unatwanga pilipili kavu, unachanganya, na fukusi, mdudu wa nafaka, hasogei. Ukiacha nafaka hivihivi katika unyevu wa milima hii, baada ya muda unga wako unatembea. Nikawaza, je, fukusi wakitambaa usoni mwa mgeni, aibu itakuwa ya nani? Na kuongeza kitu, nilivyoelewa mimi, ni kuongeza kitu kisicho na maana. Nikachekecha, nikatwanga, nikachanganya, nikashona. Sikumwambia. Mtu hajisifu kwa kufanya inavyopasa.

Jumamosi asubuhi tukatandika mikeka kwenye baraza ya hoteli. Meneja, mama wa makamo, akaniamkia vizuri, "Shikamoo, bibi." Akalala yeye mwenyewe, na wageni wawili wanawake pembeni yake. Mgeni wa tatu, mwalimu mstaafu, akasema machoni hataki kitu. Mjukuu wangu akampa furushi la majani chini ya shingo.

Mito ikaletwa kutoka jikoni ina joto. Mpishi aliyeileta alikuwa anakohoa. Nikadhani ni baridi ya asubuhi.

"Sasa vuteni pumzi ndefu," mjukuu wangu akasema kwa sauti ya kubembeleza mtoto.

Wakavuta.

Meneja alipiga chafya iliyotupa mto wake mpaka kwenye maua. Akaketi, macho yamezungukwa na majivu kama miwani. Mgeni mmoja akatambaa kutafuta mlango, mwingine akawa anaita maji. "Msisugue!" nikapiga kelele. "Leteni maziwa!"

Mjukuu wangu akaokota mto, akaunusa, akanigeukia.

"Bibi. Umetia nini?"

"Majivu na pilipili. Fukusi je?"

Akainama, akaanza kukunja mikeka polepole, kama mtu anayehama nyumba. Hapo nikaona hivi hivi anakwenda Tanga, na mimi ndiye niliyemkatia tiketi. Nikamfuata meneja.

"Mama, kosa ni langu. Mtoto alinikataza, nikatia. Kazi yake ilikuwa safi. Kama ni kugomba, nigombeze mimi."

Meneja akafungua mdomo. Kabla hajasema, tukasikia mkoromo.

Yule mwalimu. Katika chafya zote zile, vilio, na ndoo za maji, alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, furushi shingoni. Meneja akamtazama kwa macho mekundu kama nyanya.

"Tangu Jumatatu mzee huyu hanipi raha," akasema taratibu. "Halali. Kalalamikia kitanda, jogoo, adhana, kengele. Hilo furushi nani kalijaza?"

"Mimi," akasema mjukuu wangu.

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Niletee ishirini. Na hiyo mito uijaze upya. Ila bibi asiguse ndoo."

Tukarudi kwa miguu. Tulipokaribia nyumbani akaniuliza, "Bibi, umefurahi nabaki?"

"Ng'ombe hajala," nikamwambia. "Kama unabaki, kakate majani."

Akachukua mundu, akaenda anacheka. Nami nikaingia chumba cha uani, nikaanza kuburuta magunia ya viazi, apate pa kuweka cherehani.