Chuo Nilichokihamishia Manyovu

Nafundisha kompyuta Kasulu, na kwa muda mrefu nilitembea mjini kifua mbele kwa sababu nilitengeneza tovuti. Moja tu, jamani! Ilikuwa ya mama yangu mdogo, anayefundisha ushonaji Kibondo kwenye chumba cha kupanga chenye vyerehani sita. Mwenye nyumba alikuwa ameshamwambia: Januari wasipofika wanafunzi kumi, chumba anampa muuza saruji. Mama mdogo akanipigia simu. "Mwanangu, si wewe ndiye mtaalamu? Nitafutie wanafunzi."

Sasa, kwetu sisi Waha mtu hakuelezi shida yake kabla hamjasalimiana mkaridhika. Nikaona tovuti nayo iwe na adabu. Ukiifungua, unakutana na ukurasa mweupe na salamu yetu ya Kiha, "Mwakeye!", ikielea taratibu, na chini yake kitufe cha kuitikia. Usipokibonyeza huoni kozi, huoni chuo kilipo, huoni chochote. Maneno yote yaliletwa na programu baada ya mgeni kuitikia salamu. Walimu wenzangu walisema noma sana, nami nikavimba kichwa.

Januari wakaja wanafunzi wanne, wote watoto wa majirani. Mama mdogo akaenda kumbembeleza mwenye nyumba, akapewa mwaka mmoja wa mwisho. Ndipo nikakumbuka kuangalia mtambo wa kutafuta mtandaoni unaona nini ukifika kwenye tovuti yangu. Kumbe roboti wake alikuwa amekuja mara nyingi tu! Alisalimiwa, hakuitikia, akaondoka zake. Roboti habonyezi vitufe. Anasoma kilichopo mbele yake, na mbele yake nilikuwa nimeweka salamu tupu. Na mimi nalipwa mshahara kufundisha mambo haya.

Nikaitoa salamu, nikaandika kila kitu waziwazi: fika soko la Kibondo, uliza mama wa cherehani, kila mtu anamjua. Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa maana. Lakini mimi nitatulia? Nikajiambia wa Kasulu atatafuta ushonaji Kasulu, wa Titye atatafuta Titye. Nikanakili ukurasa uleule mara nne, nikaiamuru kompyuta ifute Kibondo kila ilipo, iweke Kasulu, Titye, Muyama na Manyovu. Kazi ya dakika tano, kisha nikanywa chai kwa maringo.

Mtambo ukikuta kurasa zinazofanana hivyo, mara nyingi huchagua mmoja ukauonyesha, nyingine ukaziweka kando. Ukachagua wa Manyovu. Kwa nini Manyovu, sijui hadi leo. Mimi kila nikitaka kujisifia niliandika anwani ya Kibondo moja kwa moja, sikuwahi kuitafuta kama mgeni anavyotafuta. Miezi ikapita hivyo, hadi siku moja mwalimu mwenzangu akaniuliza ofisini, mbele za watu: "Mwalimu, mbona mama yako mdogo amehamia Manyovu, kule mpakani?"

Walicheka mpaka mmoja akamwaga uji. Nami nilicheka kicheko cha aibu. Nikazifuta zile nakala nne, nikaacha ukurasa wa Kibondo peke yake, na anayefungua viungo vya zamani anapelekwa huko. Januari hii wakafika wanafunzi kumi na watatu, muuza saruji akatafuta pengine. Mimi huyoo, nikapanda gari kwenda Kibondo kupongezwa.

Nikamkuta dada mmoja wa Titye, mjamzito, amemleta mdogo wake kuandikishwa. Mama mdogo akanishika mkono kwa furaha. "Huyu ndiye mwanangu aliyetuweka mtandaoni!"

Yule dada akanitazama. "Ni wewe? Mwaka jana nilifika Manyovu na begi langu. Niliuliza mama wa cherehani sokoni, kwenye malori, hadi kwa wabadilisha fedha. Siku mbili."

Nikaropoka, "Pole sana, dada yangu. Lakini nafasi bado ipo. Jiandikishe na wewe leo!"

"Niliporudi nyumbani, baba alisema chuo nilikitunga ili nikatembee," akasema. "Mwezi uliofuata akaniozesha."

Kisha akamgeukia mama mdogo, akamuuliza mdogo wake akae kwenye cherehani kipi.