Doa Chini ya Bawa la Kushoto

Watu wa Buhare, pembeni mwa mji wa Musoma, wanamjua Baltazari Wanzagi kama seremala mstaafu anayechonga ndege. Anazichonga kwa mbao laini, anazivika bati jembamba la makopo ya soda, kisha anazipaka rangi. Wachache ndio wanaojua kwamba wakati wa vita vya Kagera alikuwa fundi wa ndege za kivita, kijana wa miaka ishirini na miwili. Vita vilipokwisha aliacha jeshi, akaenda kufundisha useremala Bunda kwa miaka thelathini. Kwa nini aliacha, hata mkewe Tabitha hakuwahi kuambiwa.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, alifika mgeni kutoka Butiama, mama mmoja wa makamo yake aitwaye Nyangi.

"Kaka, mimi ni mdogo wake Rafaeli, yule rubani," alisema. "Nimeambiwa wewe ndiye ulikuwaga unamtengenezea ndege yake."

Baltazari aliweka patasi chini. "Ndiyo mimi."

"Mwili hatukuupata. Kaburi hatuna, tuna picha moja tu ukutani. Nataka unichongee ile ndege niiweke hapo chini ya picha. Ila usinipe ya kung'aa kama ya dukani. Nataka iwe vilevile ilivyokuwa asubuhi ile alipoondoka."

Alikubali kabla hajafikiri.

Kuchonga kulimchukua wiki tano. Ndege ilitoka na urefu wa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na kila mstari wa kuungana kwa bati aliukwaruza kwa sindano. Kisha akaanza kuizeesha. Alipaka rangi ya fedha, akaifubaza kwa msasa laini. Nyuma, penye tundu la moshi, alisugua masizi ya kibatari kwa kidole, mengi mwanzoni, yakipungua kuelekea mkiani. Mahali ambapo mafundi walikuwa wakikanyaga kupanda kwenye chumba cha rubani, aligusa kwa kipande cha sifongo mpaka rangi ikaonekana imebanduka. Kwenye magurudumu alipuliza vumbi jekundu alilolichekecha kwa kitambaa. Tabitha alipita akasema inatisha, utadhani imetoka kuruka sasa hivi.

Ikabaki sehemu moja, chini ya bawa la kushoto, karibu na shina, pale bawa linapoungana na kiwiliwili cha ndege.

Asubuhi ile, mwaka sabini na tisa, Baltazari aliona mafuta yakichuruzika pale, mstari mwembamba wa kahawia. Alijua mafuta hayo ndiyo yanayosaidia usukani wa ndege. Alijua pia kwamba kuifungua sehemu ile kungechukua saa tatu, na ndege ilitakiwa kuruka baada ya dakika ishirini. Alifuta kwa kitambaa, akasubiri kidogo, akaona pakavu, akasaini fomu ya kwamba ndege ni salama kuruka. Rafaeli alimpiga begani, akapanda. Hakurudi. Familia iliambiwa alitunguliwa na adui juu ya ziwa, na huenda ni kweli. Hakuna aliyeona.

Alichanganya rangi ya kahawia na tapentaini, akachovya brashi, akachora mstari. Akaufuta. Siku ya pili akachora tena, akafuta tena. Tabitha alimkuta ameketi na kitambaa mkononi.

"Baba Dorah, hapo pana nini? Mbona hapakwishi?"

Akamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kuyatamka maneno hayo kwa mdomo wake. Tabitha alikaa kwenye benchi la kazi, akaichukua ndege, akaitazama chini ya bawa.

"Ukimpelekea bila doa," alisema mwishowe, "utakuwa umesaini mara ya pili."

Baltazari alichora doa, akaliacha likauke.

Kule Butiama, Nyangi aliipokea ndege kwa mikono miwili. Aliigeuza taratibu, akigusa masizi, akitabasamu. Kisha akaipindua.

"Na hapa ni uchafu gani?"

Baltazari alimweleza yote, amesimama, kofia mkononi. Alisema hajui kama mafuta yale ndiyo yaliyoiangusha ndege. Alisema hilo la kutojua ndilo lililomla miaka yote.

Nyangi hakulia. Aliiweka ndege mezani, akakaa.

"Mwaka themanini na nne," alisema, "nilikuwa na mchumba, mfanyabiashara wa samaki kutoka Jinja, kule Uganda. Mama alikataa. Alisema mtu wa nchi iliyomuua mwanangu hatakula kwangu. Yule mwanaume alirudi kwao, akaoa. Mimi sikuolewa." Alimtazama. "Wewe ulikuwa Bunda hapo, mwendo wa saa moja na nusu. Ungekuja ukasema hujui. Hilo tu, kwamba hujui."

Baltazari alinyoosha mkono kuichukua ndege.

"Acha ndege. Wewe nenda."

Wiki tatu baadaye Nyangi alipiga simu, akamtaka aje kuwaeleza ndugu wote. Baltazari alikwenda na Tabitha. Kaka yao mkubwa, Boniphace, alisikiliza mpaka neno la fomu, akainuka, akatoka, na mpaka leo hajapokea salamu ya Baltazari. Shangazi mmoja aliuliza kama Rafaeli alikuwa ameshiba asubuhi ile. Baltazari akasema alikunywa chai na viazi vitamu, akamalizia na vya mwenzake. Wengine walicheka, wengine wakajifuta macho.

Tangu hapo Nyangi humpigia siku za Jumapili baada ya ibada. Hajawahi kusema amemsamehe, na Baltazari hajathubutu kuomba. Anachotaka Nyangi ni habari: Rafaeli alikuwa akiimba nini akinyoa ndevu, alikuwa akimtaja nani, alikuwa mwoga wa radi kama zamani? Baltazari anajibu kila anachokikumbuka. Juzi Nyangi alimuuliza kama, wakati anapanda, Rafaeli alionekana kuwa na wasiwasi.

"Dada, sikumtazama usoni," alisema Baltazari. "Nilikuwa nageuza macho."

Nyangi hakukata simu. Kwa mbali alisikika ng'ombe akilia zizini kwake.