Kazi Isiyo na Vumbi

Miaka ile ya soko huria kila mtu Mwanza alikuwa mkurugenzi. Tajiri mmoja wa minofu ya sangara, kule Pasiansi, aligawa ghala lake kuwa ofisi, tena si kwa tofali bali kwa kuta za jipsamu zilizotoka Dar. Nyepesi hizo! Ukipiga chafya huku, unapewa pole kule. Alizipigapiga kwa kiganja mbele ya wageni kama anayenadi ng'ombe.

Mimi ni fundi umeme. Kiwanda cha nguo cha Nyakato kilikuwa kimetupunguza, na nina watoto. Tajiri akaniahidi kwamba nikipitisha nyaya za simu bila kumharibia ukuta, nafasi ya fundi wa ofisi ni yangu. Jamani, niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote.

Basi nikafanya kwa adabu. Nilichoma kwanza kwa msumari mwembamba nijue nyuma hakuna fremu ya chuma, nikabandika utepe penye alama, nikawasha drili taratibu bila kuiegemea. Jipsamu haitaki ubabe. Ukiisukuma inamomonyoka upande wa pili. Unga wote niliukinga kwa bahasha, na kila waya ukajaa tundu lake sawasawa.

Mchana tajiri akaja. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Mbona hujaanza?"

Nikamwonyesha. Akainama, akatazama ukuta, kisha akanitazama mimi. Sina jasho, nguo safi, na kelele zangu hazijafika barabarani.

"We mayu, hii nayo ni kazi?"

Mayu ni mama kwa Kisukuma, na hasira zilinipanda mpaka masikioni. Akasema limebaki tundu la ofisi yake, nikae pembeni nione wanaume wanavyofanya. Akamwita shemeji yake, aliyekuwa nje anajenga uzio wa mawe.

Shemeji akaja kifua wazi, nyundo mkono huu, tindo mkono ule. Twa! Twa! Makarani wote wakatoka kutazama. Vumbi likatanda, pande la ukuta likaanguka, na upande wa pili tukamwona mhasibu anakula kiporo cha ugali na dagaa. Aliyeona aibu ni mhasibu peke yake. Tajiri alimfuta shemeji jasho kwa leso yake mwenyewe. "Mwanaume amechoka huyu!" akasema, akampa ajira palepale. Lile pango wakalifunika kwa kalenda.

Nilitukana, sikufichi. Nilitukana njia nzima mpaka Buzuruga.

Haukupita muda nikaitwa na tajiri mwingine, wa magodoro, naye kanunua jipsamu. Safari hii nilijifungia ndani. Nikatoboa matundu yangu safi kama kawaida, halafu nikaokota jiwe nikagonga kipande cha bati mpaka mkono ukafa ganzi. Ule unga nikajipaka usoni na kichwani. Nikafungua mlango nahema.

Ukuta hakuutazama hata kidogo.

"Aisee, pole sana fundi," akasema. "Kesho uje uanze kazi."