Dawa ya Kuombwa

Ukimtaka Inshirah, fuata kelele. Penye mtoto anayekataa kumeza dawa, au mume anayebisha kwamba mkewe hana homa bali uvivu, ndipo utakapomkuta, kanzu yake nyeusi kaikaza kiunoni, kisanduku cha dawa kakipachika begani, akimpa mtu ukweli wake usoni. Kijiji cha Kom Nabaq kimejibanza kati ya miwa na mfereji, na hakina kichochoro ambacho hakikuusikia ulimi wa mama yule.

Hakuzaliwa na kazi hiyo. Mumewe alifariki wote wawili wangali vijana, akamwachia mtoto mmoja, Badawi, na mama mkwe asiyeinuka kitandani. Zahanati ilikuwa inatafuta mtu wa kufagia, akaenda kufagia. Muuguzi wa pale alikuwa bibi wa makamo aliyeanza kupoteza macho. Kwanza alimwomba Inshirah amshikie watoto wakati wa sindano, kisha amvutie dawa kwenye bomba la sindano, na mwishowe akamwambia, "Dunga wewe, mwanangu, maana mimi leo nitadunga godoro." Baadaye serikali ikampeleka mjini kusomea, akarudi na koti jeupe ambalo hakulivaa hata siku moja. Alisema linatisha watoto na linaonyesha matope.

Basi akawa yeye ndiye wa kuitwa. Mkunga akikwama, Inshirah. Nge akiuma mtu shambani, Inshirah. Kiangazi kikileta kuhara, yeye ndiye anayepita nyumba hadi nyumba na sukari na chumvi, akiwafokea mama wachanga wachemshe maji, na asiyechemsha anachemshwa yeye mwenyewe kwa maneno. Watu walimshukuru kwa namna ya watu wa huko: walilalamika kwamba ana mkono mzito, kisha wakamtumia mayai.

Nyumba moja tu ilimfungia mlango, nayo ni ya Bi Tafida.

Ratiba, mkwe wa Bi Tafida, alikuwa amekwisha kuzika wana watatu. Yule wa tatu alikuwa mnene, mwenye mashavu ya kutafuna, na Inshirah ndiye aliyempima uzito pale zahanati, mbele ya wanawake tele. Kwa furaha yake akazitaja zile kilo kwa sauti, kama mnadi wa ndama sokoni, wala hakusema mashallah. Ulimi ulimtangulia. Kabla kiangazi hakijaisha, kuhara kukamchukua yule mtoto. Inshirah ndiye aliyempakata kwenye lori la miwa kumkimbiza mjini, na ndiye aliyerudi naye amefunikwa.

Hakuna aliyemtamkia neno. Lakini tangu siku ile akipita pale mlangoni, Bi Tafida alitema mate pembeni na kugusa ushanga wa buluu wa kukinga kijicho, uliopigiliwa juu ya kizingiti. Inshirah, mwenye jibu kwa kila kiumbe, pale aliharakisha hatua. Na yeye mwenyewe, chini ya mtandio, alivaa ushanga kama ule.

Kisha Ratiba akazaa mvulana wa nne. Safari hii wakafanya kama wanavyofanya waliofiwa sana. Ratiba alivua viatu, akashika bakuli, akapita nyumba saba akiombea mtoto wake nguo. Alipita kwa Waislamu na kwa Wakristo, maana mwombaji hachagui mlango. Mmoja akampa kipande cha shuka, mwingine mkono wa kanzu kuukuu, na viraka hivyo vikashonwa vikawa vazi. Mtoto akaitwa Shahhata, yaani wa kuombwa. Hakununuliwa kitu. Hakuogeshwa akatakata. Uso alipakwa masizi, na ukimuulizia unaambiwa, "Lipo hilo lijitu, limelala." Mtoto wa kuombwa hana mwenyewe, na kisicho na mwenyewe hakina wa kukihusudu.

Shahhata alikuwa ameanza kusimama kwa kushika ukuta wakati surua ilipozuka ng'ambo ya mfereji. Habari zilikuja na wauza mboga: kule wanazika. Inshirah alihangaika siku mbili, akachanja kila mtoto aliyekuwa hajachanjwa Kom Nabaq. Akabaki mmoja.

Daktari Nagi wa zahanati, kijana mpole kutoka Delta ya Nile, alimwona akizunguka kama kuku anayetaka kutaga. Akasema kama ni nyumba moja tu, mkuu wa kijiji anaweza kutuma mgambo wawili, mtoto akashikwa, akadungwa, mambo yakaisha.

"Yataisha kwa huyo," Inshirah alimjibu. "Mwaka ujao kila mama ataficha wake chini ya kuku. Hebu niache, daktari, niende na miguu yangu."

Akaenda. Bi Tafida alikuwa amekaa kizingitini akichambua dengu, na hakusogea hata inchi. Inshirah akamsalimu, akamuulizia magoti, akamuulizia mbuzi. Alijibiwa kwa ufupi. Alipofika kwenye surua, yule bibi aliweka sinia chini.

"Mama Badawi, katika nyumba hii hamna mtoto."

"Bi Tafida, namsikia analia."

"Paka."

Ratiba alikuwa nyuma ya mlango. Inshirah aliona vidole vyake vimeshika ubao. Akasema kwa sauti ya kumfikia na yeye kwamba ugonjwa huu hauogopi masizi. Bi Tafida akainua macho, na hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomkata Inshirah maini. Alikuwa anaomba.

"Ulimtazama wa tatu ukafurahi naye," alisema polepole. "Sikulaumu, binti yangu. Mungu ndiye mpangaji. Lakini huyu usimtazame. Nakuomba. Huyu usimtazame."

Inshirah hakurudi zahanati. Alienda kwa jirani yake Damyana, mama wa Kikristo aliyekuwa rafiki yake tangu utoto, akamkuta ameanika madonge ya mkate wa jua uani yaumuke. Akaketi kwenye kivuli cha tanuri akalia, jambo ambalo Damyana hakuwa amelishuhudia tangu mazishi ya mume wa Inshirah. Damyana hakumfariji. Alimpa bonge la unga akande, maana mtu akikanda hulia kwa utaratibu.

Wakiwa hapo mlango ukagongwa. Alikuwa Ratiba, pekupeku, bakuli mkononi. Inshirah akajivuta nyuma ya tanuri asionekane. Ratiba akasema maneno yale yale ya siku zote, kwa sauti ya kuimba kidogo: mpeni maskini Shahhata kwa ajili ya Mungu, kanzu haimtoshi tena, hana baba hana mama. Damyana alichana upindo wa pazia lake, pazia zima kabisa, akautia bakulini. Ratiba akaupokea kwa mikono miwili, akaubusu, akauweka kwenye paji la uso, akaenda zake.

Inshirah akatoka nyuma ya tanuri, unga umemganda hadi viwikoni. Alikuwa ameona jambo ambalo siku zote lilikuwa mbele ya macho yake. Chanjo aliileta yeye kama haki ya mtoto, yenye jina la mtoto, kwa mkono wa serikali, na kitu chenye mwenyewe hakiingii nyumba ile. Kinachoingia ni cha kuombwa tu.

Akamweleza Damyana. Damyana akageuza donge moja juani.

"Unawachezea?"

"Sichezi. Ningekuwa nacheza ningecheka." Akanawa mikono. "Nilimtaja mtoto wao kama ndama. Deni hilo nitalilipa kwa kuomba, si kwa maneno bali kwa miguu."

Asubuhi iliyofuata alichukua kisanduku chenye barafu na kichupa kimoja cha chanjo, akakiacha kwa Damyana kwenye kivuli cha zizi. Kisha akavua viatu. Akaazima bakuli la Damyana, lenye ufa. Akatoka kichochoroni mchana kweupe, mfanyakazi wa serikali, mama mzima mwenye mjukuu, pekupeku kwenye vumbi la moto, akagonga mlango wa kwanza.

"Mpeni maskini Shahhata kwa ajili ya Mungu. Mpeni dawa ya surua."

Mwenye nyumba alikuwa Zannuba, ambaye ulimi wake ulikuwa ndugu pacha wa ule wa Inshirah, na kwa miaka alikuwa anasubiri nafasi kama hii. Alijishika kiuno.

"Heh! Zahanati imefilisika? Au wewe ndiye umepigwa na jua?" Akaita majirani waje waone hakima, muuguzi mzima, anayeomba dawa kwa watu aliowadunga mwenyewe wiki iliyopita.

Walikuja, wakacheka. Mmoja akamshauri ajipake na masizi. Inshirah, ambaye kwa siku nyingine yoyote angemgeuza yule mwanamke awe kichekesho cha kijiji, aliinamisha kichwa akarudia yale maneno. Akayarudia mara ya tatu. Ndipo Zannuba akatazama miguu ile mitupu, kisha akatazama upande wa nyumba ya Bi Tafida, na kicheko kikamkauka. Na yeye aliwahi kuzika.

"Wangu wamepata," alisema, sauti imeshuka. "Katika sehemu ya wanangu, nampa Shahhata." Akatia kiganja kitupu bakulini, kama anayeweka kitu kizito, akachukua mtandio wake akamfuata.

Nyumba ya pili haikuhitaji maelezo, na ya tatu walikuwa wameshasikia. Walipofika saba walikuwa kundi, na hakuna aliyekuwa anacheka. Damyana akaja na kisanduku kichwani, kimefunikwa kitambaa kama mkate.

Ratiba mwenyewe ndiye aliyefungua. Zannuba akatangulia kusema. Alisema wao ni watu saba wa nyumba saba, na wamekuja na cha kuombwa, si cha kununua wala cha serikali. Kila mmoja amemega kwa wanawe. Shahhata maskini apokee, wasije wakarudi nacho wakaaibika.

Ratiba akamgeukia mama mkwe wake. Bi Tafida alitazama bakuli lile tupu lenye ufa, akatazama uso baada ya uso, na kwenye miguu ya Inshirah akakawia.

"Na jicho?" akauliza.

Hapo kila mtu alikwama, maana sindano haidungwi na kipofu. Inshirah hakujitetea. Alisema tu kwamba kama yupo mwenye mkono wa kufanya badala yake, atampa bomba sasa hivi na kugeuka ukutani. Hakuwepo. Ndipo Damyana, ambaye hapendi mambo yasiyokuwa na mwisho kwa sababu mkate wake uko juani, akamuuliza Bi Tafida kanzu ya mtoto ina matundu mangapi.

"Yote ni matundu," Bi Tafida akasema.

"Basi achague moja. Mengine yote yafunikwe. Aone paja, asione mtoto."

Wakamfunika Shahhata gubigubi kwa mitandio yao, nyeusi juu ya nyeusi, mpaka akawa kifurushi kinachopiga mateke. Kupitia tundu la kiraka, kwenye kitambaa kilichotoka nyumba hii na kile kilichotoka nyumba ile, kikaonekana kipande cha paja chenye tope, kidogo kama yai la bata. Inshirah akapiga magoti. Ule mkono waliouita mzito ulikwenda mwepesi. Akapangusa tope, akadunga, akapangusa tena. Kifurushi kikapiga ukelele wa kutoboa paa, na wanawake wote wakapumua kwa pamoja.

Safari hii hakumtaja mtoto, wala kwa zuri wala kwa baya. Alifunga kisanduku akasimama aende zake. Bi Tafida akamshika upindo wa kanzu.

"Keti," alisema. "Chai iko motoni."

Ilikuwa nyeusi, tamu ya kuchoma meno. Inshirah akainywa yote, na glasi ya pili hakuikataa.

Surua ilivuka mfereji mwezi uliofuata, na wageni wa harusi. Iliingia kwenye vitongoji vya kandokando ambako chanjo haikuwahi kufika kwa wakati, ikaumiza. Kule Inshirah alikesha, akafumba macho ya watoto ambao hakuweza kuwaokoa, akarudi nyumbani. Kom Nabaq yenyewe, mtoto huyu alibabuka, yule akapata homa, lakini wote wakainuka. Kwa Bi Tafida mlango ulikuwa umefungwa wiki nzima, na Inshirah hakuthubutu kuuliza. Alipita mbali. Alisali, akamwomba Mungu asimhesabie.

Ijumaa moja alikuwa anatoka mferejini na ndoo, akakutana na Ratiba ana kwa ana kwenye njia nyembamba ya miwa. Wakasalimiana. Ratiba akatazama chini, kisha akaanza kulalamika, kwa ukali ambao hakuwa nao zamani. Alisema amechoka na lile lijitu. Lina sura mbaya, kila siku linazidi kuwa baya. Limekula mkate wote wa jana, likamwaga maziwa, likapanda tanuri, na leo alfajiri limemng'ata bibi yake. Halilali. Halinyamazi. Homa yenyewe ililijia mchana mmoja ikalikimbia. Alisema yote hayo huku machozi yanamtiririka hadi kidevuni, wala hakuyafuta.

Inshirah akatua ndoo. Kule kwao hakuna shukrani kubwa kuliko hiyo, na alipokea kila tusi kama lilivyokuja.

"Baya kweli," alijibu. "Mungu akuachie lijitu lako, dada, na ubaya wake wote."