Fundi Plasta na Vyumba Viwili vya Mama Yake

Fundi Plasta alikuwa na mkono mwepesi. Ukuta wenye nyufa za kuingiza kidole, akiupitia siku mbili unasimama kama mpya. Ndiyo maana yule mama aliyekuwa akinunua nyumba kuukuu, kuzikarabati na kuziuza au kuzipangisha, hakutaka fundi mwingine. Mafundi walimwita Bosi Vigae, maana hakuacha nyumba bila kuibandika vigae mpaka uani. Nyumba saba walikuwa wamezifanya pamoja.

Ya nane alimpeleka kuiona kwa gari asubuhi moja. Walipokata kona, Fundi akaitambua nyumba. Vyumba viwili vya nyuma vya nyumba ile, mama yake alikuwa amepanga kwa miaka thelathini na mmoja. Mwenye nyumba alikuwa amefariki, na watoto wake wakauza kimyakimya.

"Bosi, mpangaji wa nyuma ni mama yangu mzazi."

Bosi Vigae akazima gari.

"Pole, fundi. Nimeshanunua. Mwambie akae mwezi mzima, kodi sitaki."

"Tukimaliza hawezi kurudi?"

"Kwa kodi ile ile? Na choo cha ndani, na maji ya moto? Wewe mwenyewe unajua hizi nyumba zinavyokwenda."

Alijua. Zote saba zilikuwa na watu kabla yeye hajaingia na nyundo. Hakuwahi kuuliza walihamia wapi.

Jioni alimkuta mama yake anakunja nguo. Akamweleza yote, macho kwenye sakafu.

"Na atakayebomoa ni nani?" mama akauliza.

"Ni mimi, mama. Nikikataa ataleta mwingine, na mimi nitakaa bila kazi."

"Nimekukataza? Ila ule ukuta wa jikoni anzia juu. Chini umeoza, usije ukakuangukia."

Mwezi ule alitafuta chumba mpaka viatu vikalika. Vyumba vya bei nafuu vilikuwa ghorofani, na magoti ya mama hayapandi ngazi. Kimoja kilifaa kabisa, lakini mwenye nyumba aliposikia umri wa mpangaji akatikisa kichwa. "Wazee hawa, kaka, wanatufia ndani." Mwishowe mama akahamia kwake, akalala chumba kimoja na wajukuu watatu wa kike. Hakulalamika hata siku moja. Fundi angependa alalamike.

Siku ya kubomoa, alianzia juu. Pigo la tatu, ukuta wa jikoni ukashuka wote, masizi yakajaa hewani. Wenzake wakasimama na makoleo yao.

"Pole, ndugu yangu," mmoja akasema.

"Pole ya nini? Leta toroli!" Fundi akafoka, akageuka upande mwingine.

Kazi ilikwisha baada ya miezi minne. Ilikuwa nzuri, hata yeye aliona. Wapangaji wapya hawakuchelewa.

Wiki chache baadaye, akiwa juu ya ngazi kwenye nyumba ya tisa, simu ikaita. Alikuwa mlinzi wa ile nyumba ya nane.

"Fundi, kuna bibi hapa anasema wewe ni mwanawe."

Alimkuta amekaa kwenye kiti cha mlinzi, amevaa gauni lake la kutokea, mkoba mapajani.

"Mama, umekuja kufanya nini huku?"

"Nimekuja kuuliza kama wanapangisha."

"Vimeshapata watu, mama."

"Mlinzi kaniambia. Na bei kanitajia." Akacheka kidogo. "Nikamwambia arudie, nilidhani ni masikio yangu."

Fundi akauchukua mkoba, akamwinua. Mama akatangulia polepole, mkono wake ukishika kuta za majirani aliowafahamu wote. Njia panda akasimama, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Kwako ni upande gani, mwanangu? Sijapazoea."