Siku nilipolitaja jina la baba mkwe kwenye pango la bahari

Wakuu, amani iwe kwenu. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu nimeitikia kabla hamjasema.

Mimi huwa nasoma tu humu ndani, siandiki. Ila juzi nimekuta uzi wa vijana wameweka picha za pikiniki ya boti, visiwa, mapango, wanarukia maji huku wanacheka. Moyo ukaanza kwenda mbio nikiwa nimekaa zangu kwenye kochi. Nikasema ngoja na mimi nitoe la kwangu.

Sitaongeza neno. Ni tukio la kweli, lilinikuta mimi mwenyewe, na baadhi ya watu waliokuwepo bado wako hai.

Twende taratibu.

Ilikuwa enzi za mashamba ya ngano ya serikali kule Hanang. Mliokulia upande ule mnajua. Msimu wa mavuno ngano ilikuwa inaenda mpaka macho yanachoka, kambaini, zile mashine za kuvunia, zimejipanga, vumbi lake unaliona ukiwa mbali kabisa. Mume wangu alikuwa dereva wa kambaini.

Mimi ni Mmbulu wa Endagikot. Nilikuwa nimeolewa Gendabi, kwa Wabarbaig, familia ya wafugaji hasa. Bado nilikuwa mgeni, sina hata mtoto. Mama mkwe hakunitaka. Alitaka binti wa kwao anayejua mila bila kufundishwa, mtoto wake akamletea mimi.

Sasa hapa nielezee kitu, maana bila hiki hamtaelewa kitu kingine chochote.

Kwao mwanamke aliyeolewa halitaji jina la baba mkwe wake. Siyo mbele za watu, siyo chumbani, siyo hata akiwa peke yake porini anaokota kuni. Pia hamsogelei na hamwangalii usoni. Ukiwa na neno la kumwambia, unampitishia mtu mwingine.

Mama mkwe alinikalisha mara ya kwanza tu nilipofika akaniambia hivi:

"Siku ukilitaja, siku hiyo unalala kwenu."

Hakupandisha hata sauti. Na mimi nilimpenda mume wangu, wakuu. Nilimpenda kweli. Kurudishwa Endagikot nilikuwa nakuogopa kuliko chatu.

(Jina lenyewe sitaliandika hapa. Mzee alishafariki, lakini hata leo siliandiki, msinisumbue PM.)

Basi, msimu mmoja mavuno yakawa mazuri sana. Uongozi wa shamba ukawapa madereva zawadi ya kwenda Tanga kuona bahari. Kila dereva aliruhusiwa kuja na watu wawili. Mume wangu akaniandikisha mimi na mama yake. Mama akasema hawezi kuacha ng'ombe kwa ajili ya kwenda kuangalia maji.

Baba mkwe alikuwa amekaa pembeni. Aliposikia kwamba maji yenyewe ni ya chumvi, akasema ataenda yeye.

Mnisome vizuri hapo. Ng'ombe wa kule hupelekwa Ziwa Balangida kupata chumvi, na kutoka kwetu siyo karibu. Mzee maisha yake yote alikuwa mtu wa kuhangaikia chumvi ya ng'ombe. Kumwambia kuna ziwa la chumvi lisilokauka ni kama kumwambia kijana wa leo kuna bando lisiloisha.

Mume wangu akafurahi. Mimi je? Safari nzima ndani ya gari moja na baba mkwe! Kwenye basi la shamba nilikaa kiti cha mbele kabisa, yeye nyuma kabisa, na kila tukisimama kuchimba dawa nilikuwa nachungulia kwanza yeye kaelekea upande gani ndipo na mimi nishuke.

Tukafika Tanga, tukalala, asubuhi tukapelekwa kwenye boti ya mashine. Boti ndogo. Mimi nikakimbilia mbele, nikawapa wote mgongo. Mzee na shuka lake na fimbo yake akakaa nyuma.

Nahodha akaangalia, akasema boti imelala upande mmoja, akaninyooshea kidole: wewe dada nenda kakae pale karibu na mzee, tuwe sawa.

Nikatikisa kichwa. Akarudia. Nikatikisa tena. Akaanza kukasirika, akidhani nina dharau. Mume wangu yuko ng'ambo ya boti anacheka na wenzake, hanioni. Aliyeniokoa ni Mama Zaituni, mke wa mtunza ghala wetu, watu wa biashara pale Katesh. Huyu mama alikuwa mwepesi. Alinyanyuka akaenda kukaa yeye pale, akasema huyu mtoto anaogopa maji, muacheni.

Na kweli maji niliyaogopa. Hakuna kati yetu aliyejua kuogelea, labda nahodha peke yake. Jaketi za kuokolea tulikuwa hatujawahi hata kuzisikia. Kila wimbi likigonga boti nilikuwa nashika ubao mpaka vidole vinakufa ganzi.

Tukafika kisiwani. Nisiwe mchoyo, palikuwa pazuri. Katikati ya kisiwa miamba imezunguka maji yametulia, kama ziwa dogo la kijani, unaona samaki mpaka chini. Boti inapita kwenye mwanya kati ya miamba ndipo unaingia humo. Pembeni kuna mchanga kidogo, na kwenye mwamba kuna mapango.

Nahodha akatuambia: sasa hivi maji yamekupwa, mnaweza kuingia kwenye lile pango kubwa kwa miguu. Yakianza kurudi, tokeni. Yakijaa mlango unazibwa.

Mzee Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji ya kunywa. Nikamsogelea mume wangu nikamwambia amweleze baba yake. Akamweleza kwa Kibarbaig, nilisikia. Mzee akaitikia vizuri tu.

Baadaye ndipo nilijua alichoelewa. Mtu wa Balangida anajua maji yanaondoka. Lakini yakiondoka yameondoka, yanarudi mvua zikinyesha, mwakani. Mzee alijua onyo ni la masika. Nani angemwambia maji yanaweza kuondoka asubuhi na mchana yamesharudi?

Nahodha akasema upande wa pili kuna mapango mengine, ila boti itaenda na watu wachache wachache. Wanaume wakaenda kwanza, mume wangu akiwemo. Mzee akakataa. Alikuwa ameshaingia kwenye pango letu na kukuta kitu kilichomleta: kwenye miamba ya ndani, juu kidogo, maji yamekauka yakaacha chumvi nyeupe. Akatoa kisu na mfuko wake wa ngozi, akaanza kukwangua.

Tukabaki wanawake pale mchangani. Mimi nikakaa mbali na mlango wa pango, nimegeukia pembeni kama inavyotakiwa.

Sijui ulipita muda gani. Nilichoona ni ndala zangu zinaelea.

Nilishtuka nikaangalia pango. Pale mzee alipopita pakavu, sasa palikuwa na maji ya magoti. Wimbi linaingia, linapiga ndani huko, linatoa mlio mzito, linatoka. Linaingia tena, kubwa zaidi. Boti haionekani.

Mama Zaituni akapiga kelele, "Mzee! Mzee eeh!" Wanawake wengine wakasaidia. Mimi nikasogea mpaka mlangoni, maji yakanifika mapajani. Nikamwona. Yuko kule ndani amepanda juu ya jiwe, ametupa mgongo, anakwangua.

"Mzee!"

Akainua mkono bila kugeuka. Ule mkono wa kusema nimesikia, subirini.

Tukaita tena. Mkono tena. Nikawapa wenzangu neno la maji kwa Kibarbaig, wakalivunja, mkono uleule. Wakuu, tangu asubuhi watu walikuwa wanamwita mzee, mzee, njoo uone samaki, mzee njoo ule chungwa. Alishachoka kuitwa. Na mtu mzima wa kule hakimbizwi na kelele za wanawake wa kwenye basi.

Maji yakafika kiunoni. Juu ya mlango wa pango ilikuwa imebaki nafasi, lakini siyo kubwa. Nilitaka kuingia nikamvute, miguu ikakataa. Halafu nikimvuta namshikaje? Akili yangu yote ilikuwa imegongana.

Mama Zaituni akanishika bega.

"Anaitwa nani? Tumwite jina lake."

Nikamwangalia.

"Mkwe wako anaitwa nani, wewe!"

Hakulijua. Hakuna mwanamke pale aliyelijua isipokuwa mimi. Na kumnong'oneza Mama Zaituni nako ni kulitaja. Kuna mdau hapo chini atauliza kwa nini sikuandika mchangani. Ndugu yangu, mchanga wenyewe ulikuwa wapi?

Nilimwona mama mkwe mbele yangu kabisa, na uso wake uleule. Nikaona nafunga nguo zangu. Nikamwona mume wangu analetewa binti mwingine. Halafu wimbi likaingia, nikamwona mzee anayumba juu ya jiwe, anashika ukuta.

Nikalitaja.

Nililipiga kwa sauti yote niliyonayo, jina lake na la baba yake. Pango likalirudisha.

Mzee akageuka. Naamini siyo ukelele uliomgeuza, maana kelele zilikuwepo muda mrefu. Ni kwamba alijua sauti ile haiwezi kutamka jina lile ila kama mtu anakufa. Akaniangalia usoni, mara ya kwanza tangu niolewe. Kisha akaangalia chini, akaona maji.

Akashuka. Maji yakamfika kifuani. Katikati akateleza akazama mpaka kichwa, nikasikia Mama Zaituni anataja Mungu. Akaibuka. Mama Zaituni akavua khanga yake ya juu akarusha ncha, mzee akaidaka, tukavuta wote wanawake. Mimi nilishika nyuma kabisa ili nisimguse. Hata saa ile, wakuu, nilikumbuka nisimguse.

Akatoka. Akakaa kwenye jiwe anakohoa, mfuko wa chumvi kaukumbatia. Nikahama nikaenda kukaa nyuma ya mwamba, nikampa mgongo.

Boti iliporudi Mama Zaituni akaanza kusimulia kwa furaha: leo mkwe kamwokoa mkwe, kamwita kwa jina lake ndipo akasikia! Nilimwona mume wangu anavyobadilika uso. Baadaye akamvuta pembeni akamwomba hilo asilisimulie nyumbani. Mama wa watu akakubali. Lakini Katesh ni mji wa mnada, na Mama Zaituni alikuwa na duka. Mnategemea nini?

Naona kuna mtu kaandika "mama hii ni chai", yaani natunga. Mwanangu, hii chai niliinywa mimi, na iliniunguza.

Tulirudi Gendabi. Mzee hakunisemesha, lakini hilo ni la kawaida, hakuwahi kunisemesha. Ndiyo maana sikuweza kujua ana hasira au hana. Kila asubuhi niliamka nikisema labda ni leo. Nikapika, nikachota maji, nikangoja. Mume wangu akaniambia watu wakiniuliza nikatae. Nikamwambia siwezi kudanganya kwenye kikao cha wanawake wa ukoo, kile kinachohukumu makosa kama haya, laana nayo naiogopa.

Halafu mama mkwe akaenda mnadani, akarudi kabla ya wakati wake.

Kesho yake wanawake wa ukoo wakakaa nyuma ya boma. Nikaitwa. Mama mkwe akasimulia alichosikia. Mmoja wao, mkubwa kuliko wote, akauliza huyo mwenye duka analijua jina? Wakasema halijui. Akasema basi yeye alisikia kelele tu, atajuaje kama lilikuwa jina la mzee au la mtu mwingine? Aliyekuwa anajua ni huyu binti na mzee mwenyewe.

Wakanigeukia. Nikafungua mdomo.

Kabla sijatoa neno, mzee akatokea upande wa zizi. Mwanaume hakai kwenye kikao kile, kwa hiyo akasimama mbali, ameegemea fimbo. Mama mkwe akamuuliza kutoka palepale kama mimi nilimtaja.

"Pangoni maji yalikuwa yanapiga kelele," akasema. "Sikusikia jina."

"Sasa nani alikutoa?"

"Maji."

Akageuka akarudi kwa ng'ombe wake.

Wakuu, yule alikuwa mtu ambaye kesi za mifugo zikishindikana watu wanamfuata aseme tu alichokiona, na zinaishia hapo. Sijawahi kumsikia akidanganya kabla ya siku ile wala baada yake.

Mama mkwe alikuwa ananiangalia, na nina uhakika alijua. Kisha akanyanyuka, akaokota kibuyu, akanipa mkononi.

"Ndama wanalia," akasema. "Twende tukakamue."

Nikamfuata. Machozi yalikuwa yanaingia kwenye maziwa, na yeye alikamua ng'ombe wa pembeni yangu.

Nimezaa pale, nimezeeka pale, na wote wawili nimewauguza mpaka mwisho.

Nilichojifunza mimi ni hiki: mila inashikwa na watu, na mtu akiamua kukusamehe hakosi njia ndani ya mila hiyohiyo. Na nyie vijana wa boti, mkiambiwa maji yanarudi, hakikisheni na mgeni wa bara ameelewa yanarudi leo.

Kuna jambo moja bado linanisumbua, naomba mnisaidie mawazo, hasa mliooa na kuolewa kwenye mila kali. Yule mzee sikuwahi kumshukuru, maana kumshukuru ni kukiri, na kukiri ni kumfanya mwongo. Aliondoka bila kusikia asante yangu. Wewe ungefanyaje?