Mate ya Mwanangu na Maini Ambayo Sikuyatamani

Siku subira yangu ilipokatika, mara ya tatu kumpeleka mwanangu kliniki moja kule Parklands, daktari alikuwa ameshika tochi lakini hakuiwasha. Alimtazama mwanangu wa miaka mitatu, kifua chote kimelowa mate, kisha akaniuliza:

“Mama, ulipokuwa na mimba, ulitamani nini ukakikosa?”

“Daktari wa kuwasha tochi,” nikamjibu.

Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kando yangu, akanirekebisha: “Maini.”

Daktari akaandika kwenye kadi. Maini!

Kwetu watu wanaamini mjamzito akikosa alichotamani, mtoto atatiririka mate mpaka alishwe kitu hicho. Kwa hiyo Jumapili moja kabla ya hapo mama mkwe alikuwa ametoka kwake mtaa wa Jamhuri na mfuko wa maini. “Ulijinyima, sasa ona mjukuu wangu amekuwa mfereji!” Nikamwambia harufu ya maini ndiyo iliyonitapisha miezi tisa. Hakusikia. Jumapili iliyofuata, matumbo. Jirani yangu hapa Kileleshwa naye akaja na mkia wa samaki wa kumpangusa midomo, ati hukausha mate, akampangusa, mtoto akanuka samaki na mate yakaendelea. Nikamgeukia mume wangu anitetee. Akakuna kichwa. “Na yale mananasi ya kando ya barabara? Si nilikataa kusimamisha gari?”

Mimi wakati huo wote nilikuwa nasema jambo moja: huyu mtoto anakoroma kama mashine ya kusaga unga, analala mdomo wazi, pua imeziba hata bila mafua. Nimesoma hadi kidato cha nne tu, lakini najiuliza: anayepumua kwa mdomo atamezaje mate? Labda si pua. Labda ni misuli ya mdomo, labda meno. Sijui, na ndiyo maana nilimpeleka kwa mtu wa kujua.

Basi daktari alipoandika maini, nikaenda mapokezi kuomba fomu ya malalamiko. Msichana akaitafuta mpaka chini ya birika la chai.

“Ukijaza, mpelekee daktari. Yeye ndiye anayeshughulikia malalamiko.”

“Basi utaigonga muhuri wewe, nikiona.”

Nikaijaza, akagonga. Niliandika hivi:

“Mtoto anatokwa na mate kupita kiasi, anakoroma, hawezi kufunga mdomo. Nimemleta mara tatu na hakuna aliyemwangalia puani wala kooni. Naomba barua ya rufaa kwa mtaalamu wa pua, koo na masikio, leo. Nimekaa hapa mapokezi naingoja.”